Jiwe la Binti wa Verlene

Atakayekwambia Verlene Stribling alikuwa mjinga, mlete kwangu nimjibu. Miaka kumi na tisa tumesimama bega kwa bega kwenye kiwanda cha kambare, tukichuna ngozi na kukata minofu, miguu kwenye maji baridi, na sijaona msimamizi akimpunja hata dakika tano za mshahara wake. Mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye mdomo.

Binti yake wa pekee, Shanteria, alikufa kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka ishirini na sita, akamwachia mama yake mtoto mdogo, Amiyah. Tulimzika nyuma ya kanisa. Watu wa mazishi wakachomeka kile kibati chao chenye karatasi ya jina, cha kushika nafasi mpaka familia ilete jiwe. Mvua zikanyesha, jina likaanza kufifia. Kila baada ya ibada Verlene alikwenda na kalamu ya wino mzito, akapiga magoti kwenye tope, akalikoleza. Nilikuwa nikimsubiri kwenye gari. Sikuweza kutazama.

Huku kwetu Delta, bondeni kwa mabwawa ya kambare, mtu wa kipato chetu hapangi jambo kubwa ila Februari, marejesho ya kodi yanapoingia, ile hela serikali inayoturudishia. Verlene alilipangia jiwe Februari mbili. Ya kwanza ililiwa na injini ya gari, ya pili na paa lililokuwa likivuja juu ya kitanda cha mtoto.

Fomu zake za kodi aliandikiwa bure na Mwalimu Pettigrew, shemasi wetu, aliyetufundisha hesabu sote. Kila Jumamosi alikaa ukumbini kanisani na penseli yake, na maswali mengi kuliko polisi. Mtoto amekaa kwako miezi mingapi? Stakabadhi iko wapi? Mimi yalinichosha. Nikahamia dukani kwa Rodrick, ambaye mwaka mzima aliuza simu na Januari akaandika fomu za kodi, akatundika maputo, akamvalisha mtu joho la kijani acheze barabarani kuita wateja. Nikatoka na kicheko, nikaja kiwandani kujigamba.

"Shoga, Mwalimu wako anakutolea ngapi?"

"Dola elfu tano na mia."

"Mzee anakupunja! Mimi na wewe mtoto mmoja mmoja, mshahara mmoja, kisu kimoja. Nimepata elfu saba."

"Mwalimu anasema mwandikaji hana hela yake ya kumpa mtu. Sheria ni ile ile."

"Kitambaa ni kile kile pia, mbona mafundi hawalingani?"

Akakata samaki wawili watatu. "Elfu saba," akasema. "Jiwe lingesimama kabla ya Pasaka."

Jumamosi ile nilimpeleka mwenyewe. Rodrick alimwita mama, akamletea soda, akaandika haraka.

"Mama, unasuka nywele?"

"Mimi? Hata mjukuu wangu anasukwa na huyu Earlie hapa. Mimi mkono wangu wa kambare tu."

"Lakini ungetaka ungesuka."

"Nani asiyeweza?"

"Basi imetosha. Weka sahihi kwenye kioo cha kompyuta hapa."

Akaweka. Hakupewa hata karatasi moja ya kusoma, wala mimi sikumwambia aiombe.

Hesabu ilitoka elfu saba kama yangu. Duka likakata mia tisa zake kabla Verlene hajaona senti, zikamfikia elfu sita na mia. Ziada aliyoizidishia ya Mwalimu ilikuwa elfu moja kamili, nusu ya bei ya jiwe. Akampelekea mchonga mawe siku ile ile. Nusu nyingine Februari ijayo. Jina lilipochongwa tulikwenda kuliona. Alipitisha kidole kwenye kila herufi, akacheka kwa sauti, na mimi nikajiona nimefanya jambo la maana duniani.

Barua ilikuja Oktoba. Akaniletea mapumziko ya chakula, imekunjwa mara nne.

"Earlie, ofisi ya kodi wananiuliza habari za saluni yangu."

"Saluni gani?"

"Ninayo, eti. Ya kusuka nywele nyumbani, na imekula hasara, eti ndiyo iliyonenepesha marejesho yangu. Wanataka stakabadhi."

Tukaenda kwa Rodrick. Duka tupu, tangazo la kupangisha mlangoni. Na kwenye nakala ya fomu iliyokuja na barua, pale penye jina la mwandikaji, hapakuwa na kitu. Kwa serikali, Verlene alijiandikia mwenyewe.

Alitaka kwenda kwa Mwalimu. Nikamzuia. "Subiri, Rodrick hurudi Januari. Ukimwonyesha mzee, atakusema kanisa zima lisikie." Mungu anisamehe, Mwalimu hajawahi kumsema mtu. Verlene akaiweka barua kwenye droo ya vijiko, akangoja.

Rodrick hakurudi. Verlene akajaza fomu mpya mwenyewe, na Februari ilipofika, marejesho hayakuingia. Ndipo tukaenda ukumbini. Mwalimu alisoma polepole, penseli ikifuata mistari.

"Hapa walikupa siku tisini za kupinga," akasema. "Zimekwisha mwezi uliopita."

"Kwani ningefanyaje, Mwalimu?"

"Tungeandika kwamba ulidanganywa. Sasa utarudisha ziada yote pamoja na faini."

"Hata zile mia tisa za duka? Sikuzigusa."

"Hata hizo. Na kwa miaka miwili hupati ile nyongeza ya wenye kipato kidogo. Nitawaandikia, lakini usiweke tumaini." Akavua miwani. "Kwa nini hukuja, binti yangu?"

"Nilikuonea aibu."

"Mimi ningekuuliza maswali tu."

Verlene akalia pale pale, mbele ya watu waliopanga foleni. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Marejesho yangu yalikuwa yameingia, elfu saba tena, kutoka duka jingine la namna ile ile. Nikatia elfu moja kwenye bahasha, nikampelekea barazani kwake.

"Jiwe limalizwe," nikamwambia.

"Safari hii wamekuandika nini?"

"Sijui. Sikusoma."

Akaniwekea bahasha mapajani. "Shanteria hakumdanganya mtu. Sitamwekea uongo kichwani."

"Hela ni hela, Verlene. Mtoto wako amelala chini ya kibati."

"Najua amelala chini ya nini."

Kisha akasema, bila kunitazama, "Kiwandani wanasema Rodrick alikuwa akilipa dola hamsini kwa kila mtu unayempelekea. Wewe alikulipa?"

"Hapana," nikasema.

"Ndivyo nilivyowajibu. Niliwaambia, Earlie hawezi."

Alinilipa. Alinitilia mkononi pale pale mlangoni, Verlene akiwa bado anafunga vifungo vya koti lake, na kufika Jumatatu zilikuwa zimekwisha. Jiwe bado liko uani kwa mchonga mawe, limegeuzwa uso ukutani, kwa sababu hakuna mtu mwingine mwenye jina lile wa kuuziwa.