Kidirisha cha Manjano cha Wodi ya Wazazi

Ayuma alikuwa muuguzi katika hospitali ndogo ya binafsi katika mtaa wa Baba Dogo, na kwa miaka yote aliyofanya kazi wodi ya wazazi hakuna aliyewahi kumlaumu kwa uzembe. Wanawake wa mtaa wa Lucky Summer, alikokuwa akiishi, walimwamini kiasi cha kuuliza kwanza yuko zamu gani ndipo wafunge virago vya kwenda kujifungua. Lakini mwaka ule wa 1999, kompyuta zilipoletwa hospitalini, Ayuma alianza kuamka na moyo unaomwenda mbio, na hakumwambia mtu.

Kompyuta zilikuwa tatu: moja mapokezi, moja maabara na moja wodini, zimeunganishwa kwa waya uliopitishwa juu ya dari. Aliyezitengenezea programu ni Bedan, mpwa wa daktari mwenye hospitali, mtu mpole aliyesomea kazi hiyo. Kurasa zake zilifunguka kama zile za intaneti ambazo watu walikuwa wakizisikia tu. Zamani, majibu ya damu yakiwa tayari, Muasya wa maabara alikuja mwenyewe na karatasi mkononi, akakuita kwa jina. Sasa aliandika kule kwake, na kwenye skrini ya wodini, pembeni chini, kikachomoza kidirisha cha manjano chenye maneno machache. Kilikaa kidogo, kisha kikatoweka.

"Huna haja ya kubonyeza chochote, sista," Bedan alimwambia siku ya mafunzo. "Kinatokea, unasoma, kinajiondokea. Hakikusumbui."

Kilimsumbua tangu siku ya kwanza. Kila kitu kilipitia kidirisha kile kile. Mapokezi wakiandikisha mgonjwa, manjano. Yeye mwenyewe akimaliza kuandika joto la mtoto, manjano: "Imehifadhiwa." Akifungua ukurasa asubuhi, manjano: "Karibu." Na katikati ya hayo yote, kwa rangi ile ile na muda ule ule, yakaja majibu ya maabara. Mara nyingi Ayuma aliinua macho akakuta kidirisha kinaondoka, amewahi neno moja tu la mwisho. Mara nyingine hakuwa na hakika kama ameona kitu au amedhani.

Alifikiri ni macho. Adoyo, muuguzi mwenzake aliyekuwa mdogo kwake, hakulalamika hata siku moja, basi Ayuma akaamini kwamba wengine wanasoma sawasawa. Tena Matroni Mbeti, mkuu wa wauguzi, alikuwa amesema kwenye mkutano kwamba atakayeshindwa na kompyuta ajitafutie pengine, na siku hizo viwanda vya jirani vilikuwa vikipunguza watu. Ayuma hakutaka kuwa wa kwanza kusema hajui. Akaacha kwenda kunywa chai. Akaanza kuwahudumia akina mama huku shingo imegeukia mezani. Mama mmoja alimuuliza kama wamekosana, maana hamtazami usoni.

Siku ya Ruqiyo ilikuwa Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Ruqiyo alikuwa amejifungua mtoto wake wa pili asubuhi hiyo, akavuja damu kupita kiasi. Ilipotulia, Ayuma alichukua damu ya kupimwa akaipeleka maabara, akarudi. Adoyo alikuwa chumba cha kujifungulia na mama mwingine. Ruqiyo akasema anasikia kizunguzungu, na Ayuma akainama kumkanda tumbo, mgongo wake ukielekea kompyuta.

Alipogeuka aliona ukingo wa manjano, kisha skrini nyeupe.

Alisimama pale, mikono bado ina damu. Huenda ilikuwa mapokezi. Huenda ni majibu ya mama mwingine. Hapakuwa na mahali pa kubonyeza ili kukirudisha. Kwenda maabara kuuliza kulikuwa kumekatazwa. Matroni alisema kompyuta zimenunuliwa ili watu waache kuzurura kwenye korido. Ayuma alinawa, akaketi mbele ya skrini, akangoja kidirisha kirudi. Hakikurudi. Alimtazama Ruqiyo, akaona midomo yake imekuwa ya kijivu. Hapo akainuka akakimbia.

Muasya alishangaa kumwona mlangoni akihema.

"Majibu ya Ruqiyo," Ayuma alisema.

"Nilishayatuma kitambo. Damu yake imeshuka vibaya, aongezewe haraka. Mimi nilidhani mmeshampeleka hospitali kubwa."

"Ulidhani vipi?"

Muasya akaelekeza kidole kwenye skrini yake. "Huku iliniambia ujumbe umefika."

Hospitali ile haikuwa na akiba ya damu. Daktari alimpakia Ruqiyo kwenye gari lake mwenyewe, Adoyo akaenda naye akishika chupa ya maji ya mshipa, wakakimbilia hospitali kubwa. Ayuma alibaki na mtoto. Alimbeba jioni nzima akizunguka naye kati ya vitanda, na kila simu ya mapokezi ilipolia alisogea mlangoni kusikiliza.

Asubuhi Matroni Mbeti alimwita ofisini. Bedan alikuwa ameketi pembeni.

"Kompyuta inaonyesha ujumbe ulifika wodini," matroni alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Kitandani kwa mgonjwa."

"Lakini ulifika."

"Ulifika kwenye kompyuta, Matroni. Kwangu haukufika." Sasa alikuwa ameshaanza. "Sivioni vile vidirisha. Vingi sivioni. Nilificha kwa sababu niliogopa kazi."

Matroni aliinuka akafungua mlango. Kisha akamwita Adoyo, akamuuliza kama yeye anavisoma vyote. Adoyo alitazama viatu vyake akasema nusu yake, pengine pungufu. Yeye humpigia Muasya kelele kupitia dirisha la nyuma.

Bedan aliomba waende wodini. Alimwambia Muasya atume ujumbe kadhaa wakati wowote atakao, kisha akasimama kando ya kitanda alichokuwa amelalia Ruqiyo, akajitahidi kukunja shuka huku akichungulia mezani. Alipomaliza shuka aliuliza Muasya ametuma mara ngapi. Alikuwa amekosa zote isipokuwa moja.

"Nilikuwa nakijaribu nikiwa nimekaa mbele yake," alisema polepole. "Siku zote nimekaa mbele yake."

Alifanya kazi hadi Ijumaa. Maneno madogo kama "Imehifadhiwa" yaliendelea kupita na kutoweka. Majibu ya maabara yalipewa kidirisha chekundu, kikubwa, cha katikati, kisichoondoka mpaka muuguzi abonyeze "Nimesoma", na maabara haikuambiwa kwamba ujumbe umefika hadi hapo. Matroni naye aliondoa marufuku ya korido, ingawa hakutangaza.

Ruqiyo alipona. Alirudi kumchukua mtoto akiwa amekonda, na wiki kadhaa baadaye akamleta kuchanjwa. Ayuma ndiye aliyekuwa zamu.

"Sista, mume wangu ananiambia siku ile nilikaribia kufa," Ruqiyo alisema. "Mimi sikumbuki. Ilikuwaje?"

Ayuma angeweza kusema ni damu tu, hutokea. Alimaliza kumvalisha mtoto shati, akaketi kando yake.

"Majibu yako yalikuja, nami sikuyaona. Nikakaa nikingoja badala ya kwenda kuuliza. Ndipo nikakimbia."

Ruqiyo alimgeukia. Hakumwambia kwamba si kitu. Alimlaza mtoto kwenye mapaja, akauliza chanjo inayofuata ni lini, na kama Ayuma ndiye atakayekuwepo.

"Nitakuwepo," Ayuma alisema.

"Basi nitakuja wewe ukiwepo," Ruqiyo alisema, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka.