Amefungwa kwa Kumuua Baba Yake, Lakini Aliyerithi Ni Mimi

(Barua hii ni ya msomaji wetu wa Morogoro. Jina lake tunalo na hatulitoi. Majina mengine tumeyabadili.)

Wasomaji wenzangu, nawasalimu. Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mkulima wa huku mlimani Uluguru. Shule nilikaa kidogo tu kwa mapadre, nikatoka najua kusoma na kuandika. Nina mke, nina watoto, na nina shamba kubwa. Hilo shamba ndilo linaloniandikisha barua hii.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikutwa amelala kifudifudi karibu na kijito, chini ya migomba yake, amekatwa panga kisogoni. Kisu chake kilikuwa kiunoni, tumbaku yake ipo, jembe lipo pembeni. Hakuibiwa kitu. Mpaka leo najiuliza, mzee yule aliuawa kwa lipi? Mke wa mtu hakumgusa. Wengine walisema ni kwa sababu aliwakataza vijana kwenda kufanya kazi shamba la mpira la Mzungu. Wengine wakasema kuna mgeni alimnyima mahali pa kulima. Yote nimeyageuza huku na huku, hakuna linalokaa.

Akida, aliyewekwa na Wadachi kututawala, hakuhangaika kama mimi. Yeye ni mtu wa pwani, na kwao baba akifa mali ni ya mwana. Akamkamata Sefu, mtoto wa mjomba.

"Mzee akifa nani anakula? Si wewe?" akamwuliza mbele yetu.

Mama yake Sefu akasema, "Bwana Akida, huku kwetu mwana halirithi shamba la baba yake."

"Nyamaza, mama. Mama gani atamsema mwanawe?"

Wa huku mnajua, wa mbali nawaeleza. Sisi Waluguru tunafuata upande wa mama. Mwana wa marehemu hapati ardhi ya baba. Anayerithi ni mpwa, mtoto wa dada. Mpwa ni mimi.

Na watu walijua. Sefu mwenyewe tangu ujana alikuwa akinitania hadharani, "Huyu bwana, mzee akikohoa tu, yeye anapima shamba." Tulikuwa tunacheka wote, mjomba akiwa wa kwanza. Siku ya shauri pale Boma nilijua kwamba utani ule ukisemwa tena, mnyororo utatoka shingoni kwa Sefu uje kwangu. Sikumuua mjomba wangu. Lakini Bwana Mkubwa, Mdachi mwenye kuhukumu, alipouliza kama yuko mwenye neno, nilitazama chini. Wazee wa ukoo walikuwa wameshaniambia, "Wewe ni wetu. Sefu ni mtoto wa watu, ana ukoo wake, wao ndio wamhangaikie." Watu wa ukoo wake wako nyuma ya mlima, waliogopa askari, hawakuja.

Sefu alichapwa viboko na hakunitaja. Alipokuwa anapandishwa gari la moshi kupelekwa kifungoni pwani, alinitafuta kwa macho akasema, "Haya, mwenye shamba. Mama yangu asilale njaa."

Kwa nini alininyamazia? Alinihurumia? Au aliamini ni mimi niliyeua, na bado akanificha? Kifo cha mjomba kinanisumbua, lakini hili la Sefu linanichoma zaidi.

Baada ya matanga walinivisha kikuku cha mjomba wakanipa jina lake. Ndiyo mila. Aliyepewa jina ndiye yule yule, wajukuu wa marehemu wananiita babu. Mama Sefu, kila nikimpelekea mahindi, ananipokea kwa jina la mumewe, halafu ananiuliza, "Mume wangu, mwanao anarudi lini?" Hanikebehi. Anauliza kweli, na mimi nashusha mzigo, naondoka.

Juzi niliwaambia wazee kwamba nakwenda Boma. Mmoja akacheka. "Nenda, mjukuu wangu. Ila kikuku tuachie hapa, tusije tukakifuata kwenye mti wa kunyongea." Nikamjibu kwa heshima zote kwamba kikuku naenda nacho.

Nitamwambia Bwana Mkubwa hivi: jina la aliyeuawa ninalo mimi, na huyo mliyemfunga ni mwanangu, hakuniua. Akiniuliza basi nani alikula mali, nitasema nimekula mimi, na muuaji simjui. Asiyeamini asiamini. Hofu ninayo, watoto wangu bado wadogo. Lakini nimeishi kwa kutazama chini mpaka shingo imeniuma.

Ninyi mnaoyajua mambo ya Boma, niambieni nianzie kwa nani, nisemeje, ili maneno yangu yamfungue Sefu, hata kama yatanifunga mimi. Ushauri wa kunyamaza msinipe. Huo nilipewa na wazee siku ya kwanza, na anayeulipia yuko pwani.