Ugonjwa Niliomzushia Mama

Nilijiunga na jumuiya kwa sababu ya barua. Hiyo ndiyo kweli, na afadhali niiseme mapema maana huko mbele kweli itakuwa adimu. Nilikuwa mgeni mtaani Tangini, nikitaka mwanangu abatizwe, na katekista wa parokia akaniuliza swali moja tu: "Jumuiya yako ni ipi?" Sikuwa nayo. Akafunga daftari lake. Kwetu Wakatoliki mtu habatizishi mtoto wala hazikwi na padre kama jumuiya ya mtaani kwake haimjui. Mwenyekiti ndiye anayesaini barua kwamba huyu ni mwenzetu.

Jumamosi iliyofuata, alfajiri, nikaenda. Walikuwa watu kama kumi na watano kwenye sebule ya mtu, viatu vimejaa mlangoni. Tulisali, tukasoma Injili, kisha kila mmoja akasema neno lililomgusa. Mimi halikunigusa lolote, nikarudia lile lililomgusa jirani yangu. Jirani huyo alikuwa mama muuza vitumbua wa mtaani kwetu. Mumewe alikuwa amepigwa na kiharusi, na huo ulikuwa mwezi wake wa nane kitandani. Alinisogezea kitabu chake cha nyimbo tusome pamoja, na tangu siku hiyo nikawa nakaa karibu naye.

Sikutarajia kuwapenda wale watu, lakini niliwapenda. Mwanangu alipopata homa waliniletea uji kabla sijamwambia mtu. Lakini nilijua zamu yangu inakuja.

Jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba, na kanuni ilikuwa kwamba mwenyeji asipike, maji ya kunywa yanatosha. Kanuni hiyo ilivunjwa kila wiki. Mmoja alitoa chai na maandazi, aliyefuata akatoa supu na chapati, na wiki moja kabla ya zamu yangu tulikula pilau saa moja asubuhi, tumekalia makochi yenye vitambaa vilivyopigwa pasi. Kwangu kuta hazikuwa zimepigwa lipu. Sebuleni palikuwa na mifuko ya saruji, na madirisha mawili nilikuwa nimeyaziba kwa mabati. Na mimi ndiye niliyekuwa nikienda jumuiya nimevaa kama naenda harusini, nikiulizwa kuhusu nyumba najibu kwamba namaliziamalizia. Niliona aibu, basi. Sina neno lingine zuri zaidi.

Ijumaa nikampigia simu mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya darasani. Nikamwambia mama yangu mgonjwa, niko njiani kwenda Kisarawe.

"Pole sana. Anaumwa nini?"

"Presha," nikasema. Ndiyo iliyokuja mdomoni haraka.

Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Wenzangu huficha yaliyopo, mimi nikatangaza yasiyokuwepo.

Jumuiya ikahamia kwa mwenyekiti, na huko walimsalia mama yangu rozari nzima. Mimi Kisarawe sikufika; nilipojitokeza tena mtaani nikadhani yameisha. Nilisahau kwamba jumuiya haimwachi mgonjwa kwa kumsalia tu, lazima iende kumwona. Jumamosi iliyofuata nikakuta wamekusanya mchele, sukari na sabuni, kila mtu kutoka jikoni kwake, na gari limeshakodiwa. Nikasema ni mbali. Nikasema barabara mbaya. Mwisho nikasema ameshapata nafuu.

"Ndiyo maana twende," mwenyekiti akasema, "tukamshukuru Mungu pamoja naye."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yangu ilipita Mlandizi, ikaacha lami, ikaingia Kisarawe kwa vumbi, na njia nzima nilikuwa nampigia mama simu haipatikani. Muuza vitumbua alikuwa nasi. Alikuwa amemwachia jirani mumewe, kwa mara ya kwanza tangu augue, ili aje kumwona mama yangu.

Tulimkuta mama shambani anapalilia mihogo, kanga kiunoni, jasho linamtoka.

"Tumsifu Yesu Kristu," mwenyekiti alisema.

"Milele amina. Karibuni, wanangu."

"Shikamoo mama. Tumekuja kukuona. Binti yako alituambia presha imekusumbua."

Mama akanitazama. Huyu ndiye mama aliyewahi kunirudisha kilomita nzima kwenda kuomba radhi kwa papai moja nililochuma shamba la watu. Akalaza jembe chini, polepole.

"Niliumwa," alisema. "Sasa sijambo."

Wakapiga vigelegele, wakapiga magoti palepale kwenye matuta, na mama akapiga magoti pamoja nao. Baadaye, tukiwa jikoni tunawachemshia mihogo, aliniambia bila kunitazama, "Nimesema uongo mbele ya watu waliopiga magoti. Usinifikishe hapo tena." Hakuniuliza sababu. Afadhali angeniuliza.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alisimulia mbele ya wote: tulisali, na mama mwenye presha tumemkuta na jembe mkononi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatabasamu. Muuza vitumbua hakupiga makofi, alikuwa ameinamisha kichwa anawaza. Kisha akasimama, akaomba jumuiya iende kwake asubuhi tisa mfululizo kumsalia mumewe.

"Na wewe dada ukae karibu naye," aliniambia. "Kwako sala imejibiwa."

Asubuhi tisa nilikaa pembeni ya kitanda kile. Nilimshika yule baba mkono wake usio na nguvu, midomo yangu ikitamka sala. Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Nami najua kwa nini sikusema: barua ya ubatizo ilikuwa bado haijasainiwa. Ilisainiwa siku ya tisa, uani kwake, baada ya sala. Mwanangu akabatizwa, na muuza vitumbua akanishikia kanisani kanga nyeupe ya kumfunika mtoto.

Mumewe hakuinuka.

Wiki kadhaa zikapita. Mchana mmoja nilipita kwake nikamkuta anaosha mchele wa vitumbua vya kesho. Alinivutia kigoda, akaendelea kuosha, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Dada, ninyi kwa mama mlisali vipi? Nimefunga. Nimekwenda kuungama mara mbili. Nimetafuta moyoni dhambi iliyobaki, siioni. Nadhani imani yangu ndiyo haba. Mume wangu analala pale kwa sababu yangu."

Nilikuwa nimedhani uongo wangu umekwisha kule shambani, kumbe ulikuwa umehamia kwake na analala nao kila siku.

"Mama hakuwa mgonjwa," nikamwambia. "Hakuumwa hata siku moja. Zamu ya jumuiya ilikuwa yangu, na mimi niliona aibu mkaione nyumba yangu."

Mkono wake ulitulia ndani ya maji ya mchele. Ndani tulimsikia mumewe akikohoa.

"Hakuumwa kabisa?"

"Hakuumwa."

"Kwa hiyo si imani yangu."

"Si imani yako."

Nikangoja matusi. Nilikuwa nimeyastahili, na kwa kweli niliyataka, maana ningeondoka nayo nikiwa mwepesi kidogo. Alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, machozi yakimtoka. Kisha akanishika bega.

"Asante, dada," alisema, kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaingia ndani kumgeuza mumewe.