Shimo la Shangazi Yudithi

Mvua ya kwanza ikinyesha Chamwino, harufu ya samadi iliyolowa hunipanda puani, na hasira hupanda nayo. Wenzangu hukimbilia majembe. Mimi namkumbuka Shangazi Yudithi na tulivyomfukuza.

Alikuwa dada yake baba, aliyerudishwa na mumewe kwa kukosa mtoto. Baba mkubwa akampokea kwenye nyumba yetu ya tembe na kumpa kazi ya kuangalia kondoo wake. Kondoo akizaa, shangazi ndiye mkunga. Kisha hukusanya kondo la nyuma na udongo wote uliolowa, akavizika nje ya boma kwenye shimo refu. "Fisi wasinuse," alisema, kama bibi yake alivyomfundisha. Sisi watoto tulimwita mzishi, naye akicheka tu.

Mwaka ule baba mkubwa alinunua kondoo majike watatu mnadani, akawaingiza zizini siku hiyo hiyo. Mmoja akatupa mimba. Hazikupita siku nyingi, akatupa na wa kwetu. Baba mkubwa akatupanga watoto uani.

"Nani wa kwanza kumgusa kondoo huyu?"

Nikawahi kujibu, nikitaka sifa: "Shangazi!"

"Nilijua! Kizazi chake kimefungwa, sasa anafunga na vya kondoo wangu!"

Jamani! Mtu mzima na akili zake!

"Kaka, nakuomba," shangazi alisema, "watenge kwanza hao wageni."

Nani amsikilize? Alifunga kanga zake kwenye furushi, akaenda Makutupora kuchuma zabibu za watu.

Baada yake hakuna aliyechimba shimo. Makondo yalibaki zizini, kondoo wakayalamba, mbwa wakayaburuta mpaka kwenye malisho. Mimba zikaendelea kutoka. Mvua zilipokatika hatukuwa na mwanakondoo hata mmoja. Na wakubwa wangu, bila haya, wakasema eti ameondoka lakini uchawi kauacha!

Nilikuja kuelezwa ukubwani na bwana mifugo mmoja. Ugonjwa ule huingia na jike mgeni, hukaa kwenye kondo la nyuma na majimaji ya uzazi, na wenzake wakilamba unawapata. "Tenga mgeni, zika uchafu," alisema. Nililia mbele yake kama mtoto.

Nikafunga safari mpaka Makutupora. Shangazi amezeeka, ila macho ni yale yale. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote, nikamlaani baba mkubwa mpaka sauti ikakauka. Nilidhani atafurahi.

"Nilipoondoka, nani alizika?" akauliza.

"Hakuna, shangazi."

"Na wewe shimo ulikuwa unalijua."

Miaka yote hii nimemkasirikia baba mkubwa, na anastahili. Lakini siku ile uani nilisema nani alimgusa kondoo. Alichokifanya baada ya kumgusa, kuchimba na kuzika, nilikiona kwa macho yangu, nikanyamaza.