Sauti Iliyofunika Sala

Siku moja pale Kituku, sokoni kwa samaki, niliona Papa Buhendwa akinunua sambaza. Nikamuita kwa furaha, nikamuuliza kama muguu wa bibi yake ulipona. Akaniangalia toka juu mpaka chini, akakamata mufuko wake vizuri. Alikuwa na haki, maana hakuwahi kuniona hata siku moja. Mimi ndiye niliyekaa siku tisa na ndoa yake ndani ya kompyuta, nikamuona akisahau pete, nikaona bibi arusi akicheza huku anachechemea, nikaona mama mukwe akisinzia katikati ya mahubiri. Hivyo ndivyo ninavyozijua familia nyingi za Goma. Hakuna hata moja inayonijua mimi.

Ninaitwa Kakule Guylain, kwetu ni Butembo. Kazi yangu ni montaji: wengine wanapiga picha, wananiletea, mimi ninakata, ninaunganisha, ninasafisha sauti, ninatia muziki. Nilianza katika studio ya mutu. Nikachoka kuitwa "wewe pale," nikanunua kompyuta iliyokwisha kutumika na kujifungia katika chumba cha kupanga Himbi, nyuma kabisa, si upande ule wa majumba yenye walinzi. Majirani walicheka eti mwanaume muzima anashinda ndani akiangalia harusi za wengine. Wacheke. Wakati ule vita vilikuwa bado huko juu vijijini, wakimbizi wamejaa makambi ya Kibati, na mashirika yalitaka filamu za mahema na mvua. Wakimbizi wale niliwapa dakika tatu tatu, kwa sababu mashirika hayakutaka zaidi. Kisha vita vikaingia muji, mashirika yakafunga ofisi, nikabaki na vilio.

Ndiyo, vilio, yaani misiba. Njia na uwanja wa ndege vilipofungwa, watu hawakuacha kufa. Waliacha tu kufika kuzikana. Basi mutoto aliye Bukavu, aliye Kampala, anaomba filamu ya maziko ya baba yake. Na ikazuka desturi: pale kaburini mutu mumoja anamupigia simu yule asiyefika, anafungua sauti, anainua simu juu ya shimo ili amuage marehemu. Kwa waliosimama pale ni jambo kubwa. Kwangu mimi yalikuwa makelele. Ni sauti inayokwaruza, neno nusu, kilio kinachokatwa na rezo, mutandao wa simu, tena wakati padri anasali! Nilikuwa ninaitoa. Sikuuliza mutu, na hakuna aliyeniuliza, ila mama mumoja wa Bukavu, Cibalonza. Aliniandikia: mbona yeye hasikiki katika kilio cha baba yake, na alisema kwa simu? Nilimujibu kwamba rezo ilikuwa mbaya. Hata picha za kwanza za kilio kile, zisizokatwa, nilikuwa nimekwisha kuzifuta ili nipate nafasi ya kazi nyingine.

Mwezi wa saba mama yangu akafa, kule Butembo. Julien, mudogo wangu, alinipigia asubuhi. Akasema watanisubiri, kwa sababu mimi ndiye mwanaume mukubwa aliyebaki kwetu, na hawawezi kumufunika mama bila mimi. Siku tatu nilizunguka Goma. Ndege hakuna. Madereva wa njia ya kaskazini walinikatalia mumoja mumoja, wakisema mwanaume wa umri wangu akitoka upande mumoja wa vita kwenda mwingine anaulizwa maswali yasiyo na majibu. Kupitia Uganda kulihitaji paspoti. Yangu ilikuwa imeisha, na ofisi ya kuzitoa haikufanya kazi tena. Siku ya tatu watu wa chumba cha maiti walitaka nafasi yao. Julien akaniuliza, kwa aibu, wafanye nini. Nikamuambia waende wakazike, na mama nitasema naye mwenyewe.

Siku ya maziko, saa nne ya asubuhi, Julien aliinua simu juu ya shimo. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda, mulango umefungwa, nikasema na mama kwa Kinande, lugha yetu, mpaka rezo ikakatika. Kisha sikujua la kufanya. Kilio ni watu, jamani, ni viti na makelele ya uani, na mimi sikuwa na mutu hata wa kunikalia pembeni. Majirani wangekuja kama ningewaambia. Lakini ningeanzia wapi kuwaambia, na sikuwahi kuwaambia hata jina la mama? Nilichemsha chai, ikapoa.

Halafu zikaja picha za maziko kutoka Butembo. Yaya Masika, dada yetu mukubwa, alisema kazi ni yangu, nani mwingine? Filamu ilitakiwa iwe tayari siku ya arobaini, ionyeshwe mbele ya familia yote. Vipande kumi na moja, kutoka simu nne, zote zinayumba. Nilifanya polepole kwa makusudi. Nilikuwa ninasimamisha picha kwenye uso wa mama, ninakula mbele yake. Sidanganyi, kwa miaka mingi chumba kile hakikuwa na mutu kama siku zile. Nilipofika pale kaburini niliacha sauti ya simu kama ilivyo, nikamutumia Masika aangalie kwanza.

Alijibu kwa ujumbe wa sauti. Alinisifu, alisema amelia, alisema Mungu anibariki. Kisha: "Lakini pale kaburini kuna redio ya mutu inapiga makelele, inafunika sala ya padri. Uitoe, ndugu yangu."

Nilisikiliza mara tatu. Redio! Hasira ilinipanda. Nilianza kumuandikia maneno ambayo mutu hamuandikii mukubwa wake. Nikayafuta. Nani alinifundisha kuita sauti ile makelele, kama si mimi mwenyewe? Nilitafuta namba ya Mama Cibalonza, nikamuandikia kwamba rezo haikuwa mbaya, ni mimi niliyemutoa. Mpaka leo hajajibu, na simulaumu.

Kisha nikamupigia Masika.

"Yaya, ile si redio," nikasema. "Ni mimi."

Alisema wao wanawake walikuwa wamesimama nyuma kabisa, walimuona Julien ameinua simu wakafikiri anapiga picha tu. Hakuna aliyewaambia. Akaanza kulia, na mimi nikalia, hatimaye nikalia na mutu. Akaniuliza nilikuwa ninasema nini pale. Nikamuambia.

"Basi usitoe," akasema. "Andika chini yake, watu wasome."

Nimewaandikia maneno chini ya picha wakimbizi, maharusi, wachungaji wasiojua kumaliza. Mimi mwenyewe, kamwe. Nilishusha sauti ya padri, anisamehe. Nikapandisha ile ya simu, na chini yake nikaandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya wajukuu wa mama walio Kampala, wasiojua Kinande:

*Mama, ni Kakule.*

*Niko Goma, njia imefungwa.*

*Usiningoje tena.*