Bakuli la Mama Zuhura

Harufu ya iliki inanichosha mpaka leo. Msinicheke, najua ni harufu nzuri. Lakini ikinijia kutoka kwa jirani siku ya sikukuu, kabla sijafurahi naanza kuwaza: mimi nitarudisha nini? Ndivyo nilivyolelewa kule Nangwa, na kwa umri huu sidhani kama nitabadilika.

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akikuletea chakula unakula, unaosha bakuli, unatia mayai au maharage au hata chumvi, ndipo unarudisha. Ukirudisha tupu, ni kama umemwambia asije tena. Jirani yetu alikuwa Mama Zuhura, nesi wa zahanati, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kule kwenye baridi yetu. Krismasi sisi tulimpelekea maziwa na jogoo. Idi yeye alituletea pilau. Ila miaka ile maduka ya mjini Katesh yalikuwa yameanza kujaa vitu, na mwenye mshahara alivipata, basi juu ya pilau akawa anaongeza biskuti za pakiti, mara sukari, mara kanga. Mama alipokea kwa mikono miwili huku akicheka. Mgeni akishaondoka, alijitupa kwenye kigoda akaguna, "Huyu mama ataniua."

Ukaja mwaka wa jua kali. Baba alihamishia ng'ombe Dirma kutafuta malisho, maziwa yakaisha nyumbani. Kuku wakafa kwa ugonjwa wa mdondo. Krismasi hatukupeleka kitu kwa nesi, na Idi iliyofuata muda si mrefu, pilau likaja vilevile, ndani ya bakuli jipya la maua mekundu lenye mfuniko. Jamani, tulilamba vidole! Kisha bakuli likaoshwa, likawekwa juu ya kabati, likakaa.

Lilikaa wiki nyingi. Mama aliacha kupita njia ya zahanati kwa aibu, akawa anazungukia mtoni hata akiwa na ndoo kichwani. Mdogo wangu Paulo alipopata homa, Mama alimchemshia majani nyumbani, maana angeendaje kumwona nesi na bakuli la watu bado liko kabatini? Homa haikushuka. Asubuhi moja nikamkuta Mama uani na ungo, anapepeta majivu kutoka kwenye maharage ya mbegu, yale tuliyoyahifadhi kwa majivu yasiliwe na wadudu mpaka masika. Bakuli la maua lilikuwa wazi pembeni yake.

"Mama, tutapanda nini?" nikauliza.

"Nyamaza. Mtoto anaumwa."

Hapo hapo tukasikia hodi. Alikuwa Mama Zuhura mwenyewe, na gauni lake jeupe la kazi. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akatazama ungo, akatazama majivu yaliyoenea chini, akatazama bakuli.

"Mama Neema, samahani," akasema. "Nimepata wageni na vyombo havinitoshi. Naomba uniazime hilo bakuli lako."

Mama aliliinua. "Hili?"

"Hilo hilo. Nitalirudisha. Na huyo Paulo nasikia anaumwa, mbona hamjamleta? Mbebe twende."

Mama alimpa bakuli tupu, akamfunga Paulo mgongoni, wakaongozana. Mimi nilibaki nimekasirika kweli. Mtu anaazimaje mali yake? Nilidhani nesi amechanganyikiwa kwa kazi nyingi. Mbegu nikazirudisha kwenye debe, Paulo akapona, na mvua ilipokuja tulipanda.

Baadaye Mama Zuhura akapata uhamisho kurudi kwao. Siku ya kuondoka, lori likiwa limeshapakiwa, alikuja mbio na lile bakuli. "Mama Neema, nimekurudishia bakuli lako." Wakakumbatiana, akaondoka. Nikafunua mfuniko upesi nikitegemea biskuti. Tupu! Mwanamke ambaye hakuwahi kutuletea chombo kitupu! Nikaanza kulalamika, Mama akanifinya. Alikuwa analia, nami nikaamini analilia biskuti kama mimi.

Ilinichukua miaka kuelewa, mpaka nilipokuwa na nyumba yangu na majirani zangu, na vyombo vyao vikinisubiri juu ya kabati. Cha kuazima hutoka kitupu bila aibu, ndiyo maana aliazima. Na siku ya mwisho angeweza kutia kitu, uwezo alikuwa nao, ila alijua Mama asingelala akiwaza atarudisha nini mpaka Tanga. Bakuli hilo ninalo mimi sasa, mfuniko umeshavunjika. Siku ile Mama alilikumbatia pale mlangoni mpaka lori likapotea, kisha akakaa kwenye kigoda chake, akashusha pumzi, akasema, "Leo amenipumzisha."