Popoo Kumi za Purnakeshari

Mji mzima wa Bhaktapur, kule Nepal, ulimjua Purnakeshari kwa jina la mwanamume. Akienda kununua chumvi, muuzaji alimwita Babu Dhankaji. Akichelewa kwenye foleni ya bomba, wanawake walimwambia, "Babu, leo pombe imekulaza?" Dhankaji alikuwa mzee mlevi na bahili, mwenye masharubu ya manyoya ya mbuzi. Purnakeshari alimtunga mwenyewe akiwa na miaka ishirini na miwili, akamcheza kwa miaka thelathini na miwili, kila Sikukuu ya Ng'ombe, juu ya jukwaa la matofali katikati ya mji.

Zamani jukwaa lile lilikuwa la wanaume tu. Hata wanawake kwenye michezo waliigizwa na wanaume waliojifunga matiti ya matambara, na watu wakaona ni sawa. Purnakeshari alipopanda mara ya kwanza, amevaa koti la marehemu baba yake, waliguna. Lakini alipoanza kumgombeza mke asiyekuwepo, kwa sauti ileile ambayo kila mke pale uwanjani alikuwa ameisikia asubuhi hiyo nyumbani kwake, wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega wasianguke. Hakufundishwa na mtu. Aliijua ile sauti kwa sababu aliwahi kuolewa nayo.

Kaka yake, Asakaji, alimwoza akiwa na miaka kumi na saba kwa mfinyanzi wa Thimi. Siku ya harusi, kama ada ilivyo, Purnakeshari alimgawia kila mtu wa kwao popoo kumi za kuagana, zile kokwa ngumu za kutafunwa na tambuu, kisha akafika kwa mume akagawa popoo kumi kumi za kuingia. Popoo hizo si za mzaha. Ukizipokea, umekubali. Na mke akichoka kabisa, huweka popoo chini ya mto wa mume akaondoka, na hakuna wa kumrudisha. Purnakeshari alivumilia miaka minne. Asubuhi moja akaweka popoo mbili chini ya mto ulionuka pombe, akatembea hadi kwao, viatu mkononi. Asakaji hakumfukuza, maana majirani walikuwa wanatazama. Alimpa chumba cha juu kabisa, chini ya vigae vinavyovuja, akajisifia wema. Nyumba baba yao aliwaachia wote wawili, lakini mambo ya namna hiyo wanaume huyaamua wanawake wakiwa jikoni.

Miaka kumi na tisa iliyopita akaja Hiramaya, mjane wa Banepa, na godoro moja na vyungu viwili vya mtindi. Akafungua duka dogo la mtindi chini ya nyumba ile, akalala chumba cha juu. Watu wakaambiwa ni mpangaji. Mpangaji gani anashonewa vifungo na mwenye chumba? Mpangaji gani anasubiriwa mpaka arudi ndipo chakula kipakuliwe? Mtaa uliona, ukaamua kutoona. Mbele za watu Hiramaya alisema "dada." Wakiwa wawili tu alisema "Keshari," na jina hilo, kwa sauti hiyo, lilitosha kumfanya mchekeshaji mkubwa wa mji mzima asahau alichotaka kusema.

Mwaka wa kumi na tisa, kabla ya mvua kuanza, Hiramaya aliugua mapafu, akalazwa hospitali. Muuguzi aliuliza mlangoni, "Wewe ni nani wake?" Purnakeshari, ambaye hakuwahi kukosa jibu mbele ya watu elfu mbili, alisema, "Mwenye nyumba wake." Akakaa nje siku mbili, kwa kuwa wenye nyumba hawaingii.

Hiramaya alipona. Lakini alikuwa amesikia.

"Nilikuwa nakufa, Keshari," alisema siku alipoweza kukaa, "na wewe ukawa mwenye nyumba wangu."

"Niliogopa."

"Unaogopa nini? Wewe si ndiye uliyemwita meya mbuzi mbele ya mkewe?"

"Yule alikuwa Dhankaji."

"Basi nimeishi na nani miaka yote hii?" Akavuta shuka. "Sikukuu ikiisha, kama mtaa bado unaniita mpangaji, nakwenda kwa mdogo wangu Banepa. Nikifa, nife nikiwa dada wa mtu."

Sikukuu ilipofika, Purnakeshari hakuwa amelala siku tatu. Ngoma zilikuwa zinapigwa toka asubuhi, vijana wanagonganisha fimbo kwa mistari miwili, na kila familia iliyofiwa mwaka huo inapitisha mwanzi wake mrefu uliovikwa nguo, wenye picha ya marehemu na pembe za majani makavu. Baada ya machozi huja kucheka, na kicheko hicho kina siku nane. Siku hizo nane mtu husema lolote juu ya yeyote. Enzi za wafalme hata mfalme alitukanwa, na kesho yake hakuna aliyeulizwa.

Akapanda jukwaani. Akamcheza Dhankaji mpaka watu wakalia kwa kucheka. Kisha akayabandua masharubu.

"Sikilizeni!" alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Sasa si Dhankaji anayesema. Ni mimi, Purnakeshari. Nampenda Hiramaya muuza mtindi. Si mpangaji. Ni mwenzangu, chungu kimoja, kitanda kimoja, miaka kumi na tisa. Sijawahi kumpenda mwanamume, na sitampenda."

Uwanja ukalipuka. Wanaume walijipiga mapaja. Shangazi Ashtamaya, jirani mwenye miaka themanini na meno mawili, alipiga kelele kutoka mbele, "Jamani, Babu kapata mke! Mtindi umempofusha!"

"Sitanii, shangazi!"

"Haya, usitanie! Mahari utalipa vyungu vingapi?"

Kila alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Walimbeba juu juu, wakasema hajawahi kuchekesha hivyo. Juu ya vichwa vyao alimwona Hiramaya mlangoni pa duka, hacheki, anafungua aproni yake taratibu.

"Umenifanya kichekesho," Hiramaya alimwambia chumbani, akikunja nguo.

"Nilisema kweli tupu!"

"Ulisema siku ambayo kweli haina uzito. Na ulijua."

Purnakeshari alikuwa amejua. Aliichagua siku ya ujasiri kwa sababu ilikuwa pia siku ya kutoroka.

Siku zilizobaki zilipita kwa ngoma na matusi. Asubuhi ya siku ya tisa mji uliamka kimya, fimbo zimerudishwa darini, na neno lililosemwa likawa tena neno. Basi la Banepa lilikuwa la saa nne. Nguo, sufuria, godoro, vyote vilikuwa vimefungwa kamba mlangoni.

Purnakeshari aliamka kabla ya Hiramaya. Akanunua popoo, gunia dogo zima. Akajifunga sari nyekundu ya harusi yake, ambayo hakuwa ameigusa tangu akiwa na miaka kumi na saba. Haikumtosha kiunoni, akaifunga hivyo hivyo. Akapanga popoo kwenye sinia la shaba, kumi, kumi, kumi. Akateremka ngazi kama msichana.

Asakaji alikuwa anapiga mswaki mlangoni.

"Kaka, nyoosha mikono. Naagana nawe."

Asakaji akatazama sari, akatazama sinia, akajua. "Sikukuu imekwisha, wewe."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Akatema povu, akaingia ndani, akafunga mlango. Purnakeshari aliziacha zile popoo kumi kwenye kizingiti. Miaka thelathini na mitatu kaka alimpa chumba kinachovuja na kumwita ndugu. Leo hata mikono hakutoa. Mke wa Asakaji ndiye aliyefungua mlango, akaziokota haraka, akazitia kwenye mkunjo wa sari yake, akafunga tena.

Purnakeshari akaenda bombani, hatua chache mbele ya duka la mtindi. Wanawake kumi na tano, ndoo zimepangwa, kelele tele. Mmoja akaanza kucheka, "Babu, leo bibi harusi!" halafu akaziona popoo. Kicheko kikamfia mdomoni. Maji yakawa yanamwagika peke yake.

"Yale niliyosema siku ile," Purnakeshari alisema, "nayasema tena leo. Hamna ngoma, hamna masharubu. Anayepokea apokee. Asiyepokea, nitamjua."

Hakuna aliyesogea. Nyuma yake, mlangoni pa duka, Hiramaya alikuwa amesimama, mzigo mkononi. Purnakeshari alisikia pumzi yake, bado yenye mkwaruzo wa ugonjwa, na hakuthubutu kugeuka.

Shangazi Ashtamaya akajikokota kutoka mwisho wa foleni. Akakinga viganja viwili vyenye mikunjo. Purnakeshari akammiminia fungu moja. Yule bibi akainamisha kichwa, akaanza kuhesabu kwa kidole gumba, polepole, mtaa mzima ukimtazama.

"Tisa," alisema.

"Nini, shangazi?"

"Umenipa tisa! Nimegawiwa popoo za harusi sitini na kitu, sijawahi kudhulumiwa. Tisa ni mzaha. Harusi ni kumi. Unaoa au unanichezea?"

Purnakeshari akababaika, akapapasa sinia. Sinia likainama, popoo zikamwagika matofalini, zikabingirika kati ya ndoo. Kisha mkono mwingine ukapita kando yake, mkono mweupe kwa mtindi uliokauka kwenye kucha, ukaokota moja, ukaipangusa kwenye nguo, ukaiweka juu ya viganja vya yule bibi.

"Ya kumi hii hapa, shangazi," alisema Hiramaya.

Ashtamaya akafumba viganja. "Sasa sawa. Na nyinyi wengine mmeduwaa nini? Okoteni! Na nani atanipa mtindi wa harusi, au nao tutauziwa?"

Mwanamke wa kwanza akainama, kisha wa pili. Basi la saa nne lilipiga honi kona ya juu, likasubiri kidogo, likaondoka.